Kiti cha Mkwe

Kabla hakujapambazuka, nyumba nzima ikiwa kimya, brashi ilianza kusugua nje. Shwa, shwa, shwa. Kisha maji kidogo, kisha shwa, shwa tena, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba, na kodi ya nyumba analipa yeye mwenyewe.

Bi Sabuni alikuwa macho tangu mjukuu wake aliponyonya. Alilala chali akisikiliza. Alijua ni mkwe wake, yuko kwenye bomba la uani, anasugua viatu vyake vya mpira. Jana jioni aliporudi kazini alivisugua kabla ya kukanyaga kizingiti. Sasa anavisugua tena kabla ya kwenda kuvichafua.

"Mtu anayesugua viatu namna hii," Bi Sabuni aliuambia mto wake, "anajua mwenyewe alichokanyaga."

Jina la Bi Sabuni hakupewa bure. Majirani zake walisema mwanamke yule anaisuuza sabuni yenyewe kabla ya kuitumia, na hawakuwa wametia chumvi sana. Mlango wake ulikuwa na matambara mawili, la kufutia miguu na la kufutia lile la kwanza. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba binti yake wa pekee ameposwa na kijana msimamizi wa yadi ya mboji, pale ambapo tope la majitaka ya mji mzima linaletwa likachanganywa na taka za sokoni na maranda ya mbao mpaka liwe mbolea, alikaa chini akaomba maji ya kunywa. Kisha akaomba glasi nyingine, maana ile ya kwanza aliishuku.

Watu walipomuuliza mkwe anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko upande wa maji."

"Maji gani?"

"Maji tu. Kwani maji yana makabila?"

Kijana alikwenda kwake mara moja tu, siku ya kujitambulisha. Alikaa kwenye kiti chenye mto wa maua, akanywa chai, akajibu maswali yote kwa adabu, akaaga. Hajafika hata getini, Bi Sabuni alikuwa ameshakitoa kile kiti nje na kukimwagia maji ya sabuni. Bahati mbaya kijana alikuwa amesahau kofia yake. Akageuka. Akamkuta mama mkwe wake mtarajiwa amepiga goti, anasugua mahali pale pale alipokuwa amekaa yeye. Wakatazamana. Mwingine angenuna, au angecheka. Yeye alisema tu, "Pole na kazi, mama," akaenda zake bila kofia.

Tangu siku ile hakurudi tena. Harusi ilifanyika, maisha yakaendelea, na kofia ikabaki kabatini kwa Bi Sabuni, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Hakujua aipeleke wapi.

Sasa alikuwa amekuja kumsaidia binti yake aliyejifungua. Hiyo ndiyo sababu aliyoitaja. Sababu ya pili ilikuwa chini ya kitanda: begi kubwa tupu, la kubebea nguo za mtoto siku ya kurudi. Maana Bi Sabuni hakukusudia kurudi peke yake.

Kukaa nyumba moja na mkwe kulihitaji utaratibu, naye aliuweka siku ya kwanza: hakuzungumza naye moja kwa moja. Alipitisha maneno kwa binti yake, hata wakiwa wote watatu meza moja.

"Mwambie mume wako asogeze taa."

"Mama, anakusikia."

"Najua anasikia. Mwambie."

Mkwe alisogeza taa. "Mwambie mama kama bado haoni vizuri nitaileta karibu zaidi," alisema kwa upole kabisa, na binti akalazimika kutazama dirishani ili asicheke.

Asubuhi ile, mkwe alipokwisha kuondoka, binti alimkuta mama yake amekwishakunja nguo za mtoto mara ya pili.

"Mama, unafungasha?"

"Nakunja. Kukunja si kufungasha." Aliipapasa fulana ndogo. "Lakini ukweli nitakwambia. Nataka turudi wote. Wewe na mtoto. Mumeo atafuata akipata kazi ya kutajika."

"Nyumba hii inanuka?"

"Sijasema inanuka."

"Mume wangu ananuka?"

Bi Sabuni alifikiri, maana hakuwa mwongo. "Ananukia sabuni. Kuliko mimi, hata."

"Mtoto?"

"Ananukia maziwa."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Watu, mwanangu. Mtoto ataulizwa shuleni, baba yako anafanya nini? Atajibu nini? Baba yangu anapika mavi?"

Binti alimhamisha mtoto bega moja hadi jingine. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa na ule wekundu wa mama wa kichanga. "Leo kamati ya baraza la mji inakwenda yadini," alisema. "Wameletewa malalamiko ya harufu. Mwenyekiti anataka pafungwe, pajengwe jengo la maduka. Wataamua pale pale, leo leo. Wakifunga, mama, mume wangu hana kazi, na sisi hatuna kodi ya nyumba. Nitakuja nawe. Sitabisha hata neno. Wasipofunga, nabaki hapa, na usinikunjie tena nguo za mtoto."

"Ahadi?"

"Ahadi. Ila nenda ukaone kwa macho yako. Wananchi wote wamealikwa."

Bi Sabuni hakuhitaji kusukumwa. Alivaa gauni lake la sherehe na viatu vya kisigino kifupi, akachukua mkoba wa ngozi, akalowesha leso kwa manukato mpaka nzi wa dirishani akahama. Akaenda yadini akiwa na moyo mwepesi, kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo uliokwisha kulipiwa.

Yadi ilikuwa nyuma ya mabwawa ya majitaka, imezungushiwa ukuta mfupi. Getini palikuwa na dimbwi la maji, na ng'ambo ya dimbwi alisimama mwanamke mtu mzima mwenye reki ndefu begani. Wenzake walimwita Mama Reki. Alipomwona mgeni anapima dimbwi kwa macho, aliegemeza reki ukutani, akatoa kitambaa safi mfukoni, akajifuta mkono kidole kwa kidole, ndipo akaunyoosha.

"Shika, dada yangu. Viatu vyenyewe vizuri hivyo, visije vikalia."

Bi Sabuni alishika. Mkono ulikuwa mkavu na wenye joto. Aliuona ule utaratibu wa kujifuta kwanza, akauweka moyoni, ingawa hakusema.

"Wewe si mama yake mke wa msimamizi wetu?" Mama Reki alimkagua uso. "Umefanana na binti utadhani umemtema."

"Nimekuja kutazama tu," alisema Bi Sabuni, na leso ikapanda puani.

Mama Reki alijitia hamnazo. Alimwongoza kwa upole kati ya marundo marefu yaliyolala sambamba, moja likiwa la rangi ya majani makavu, jingine la kahawia, jingine jeusi kabisa. "Lile kule ukutani ndilo tope lenyewe, bichi. Pale, kweli, pua inapata habari. Lakini likishachanganywa na maganda na maranda, linaanza kuchemka lenyewe. Hakuna moto wala kuni. Joto lake linaua vidudu vyote, hata mayai ya minyoo. Sisi tunaligeuza tu, lipumue. Halafu tunalivika blanketi."

"Blanketi?"

"Mboji iliyokwisha kuiva. Tunaitandaza juu, harufu inabaki ndani na joto linabaki ndani. Kama kumfunika mtoto. Lile kubwa la kule mwisho tumelifunika juzi, lile pale wanapotan—"

"Waheshimiwa! Waheshimiwa huku juu!"

Aliyepaza sauti alikuwa bwana itifaki wa baraza la mji, kijana mwembamba mwenye viatu vyeupe na simu ya upepo kiunoni isiyozungumza na mtu yeyote. Alikuwa amefika tangu alfajiri kuipamba yadi. Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa. Utepe ulikuwa umezungushiwa mapipa. Na mahali pa juu kuliko pote, kilima kirefu chenye mgongo bapa mwishoni mwa yadi, alikuwa ametandaza mbao, juu ya mbao zulia jekundu, juu ya zulia viti, na juu ya viti hema.

Mkwe alikuwa amesimama mbele yake amevaa viatu vyake vya mpira vinavyong'aa, kofia ya kazi mkononi.

"Bwana, nimekuja tena kukueleza. Pale juu mlipoweka jukwaa—"

"Panafaa sana. Ni mwinuko wa asili."

"Si wa asili. Ni—"

"Wewe ni nani hapa?"

"Msimamizi wa yadi."

"Basi simamia yadi. Mimi nasimamia wageni. Mgeni rasmi hawezi kukaa chini huku na uchafu wenu." Akageuka, akaona gauni, mkoba na leso, na uso wake ukakunjuka kama mwamvuli. "Mheshimiwa mama! Karibu juu. Unatoka ofisi gani?"

Bi Sabuni alimwona mkwe wake. Mkwe alimwona Bi Sabuni. Palikuwa na nafasi, fupi lakini ya kutosha, ya kusema mimi ni mama mkwe wa huyu.

"Natoka mbali," alisema Bi Sabuni.

Jibu hilo lilimridhisha bwana itifaki, kwani wakubwa wengi hutoka mbali. Akampa mkono, akampandisha ngazi ya mbao mpaka mstari wa mbele. Mkwe alipiga hatua moja. Akasimama. Aliitazama ngazi, akamtazama mama mkwe akipanda kwa madaha, na uso wake ukawa wa mtu anayeona mtungi unateleza mezani naye yuko upande wa pili wa chumba. Kumkatalia mgeni rasmi kiti ni kutafuta kufukuzwa kazi. Lakini kumwambia mama mkwe wako, yule aliyekisafisha kiti chako, kwamba hapo anapokalia ni wapi? Ulimi gani wa mkwe unaweza kutamka hilo?

Juu palikuwa pazuri kweli. Upepo ulivuma. Harufu ya tope bichi la kule ukutani haikufika. Hewa ilikuwa na harufu kidogo ya udongo baada ya mvua, ingawa mvua haikunyesha. Bi Sabuni alishusha leso.

Mwenyekiti wa kamati alifika, mtu wa kitambi na miwani, akajimwaga kwenye kiti cha katikati, kile chenye kitambaa cheupe. Akavuta pumzi.

"Afadhali huku," alimwambia jirani yake. "Hewa safi kabisa. Uchafu wao unabaki kule chini kwao."

"Kweli kabisa, mheshimiwa," alisema Bi Sabuni. "Mtu unaona tofauti."

Hotuba zilianza. Alizungumza mjumbe mmoja, akashukuru. Akazungumza wa pili, akamshukuru wa kwanza. Bi Sabuni, ambaye miguu yake ilikuwa ikimsumbua miaka mingi, baridi kwenye nyayo na maumivu kwenye visigino, alianza kuona ajabu. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye zulia. Joto zuri, la polepole, kama la jiwe lililoshinda juani. Akavua kiatu kimoja chini ya gauni. Akavua cha pili. Akakanyaga zulia kwa nyayo tupu, na maumivu yakaanza kulegea, moja baada ya jingine, kama wageni wanaoaga. Akafumba macho. "Baraza linajua kutunza watu," aliwaza. "Hata zulia lina joto."

Mwenyekiti alisimama, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nimekuja kuona kwa macho yangu. Na nimeona! Nimenusa! Watu wetu wanateseka. Leo, mbele yenu, nitapiga muhuri hapa hapa. Yadi hii ifungwe!"

Wachache walipiga makofi. Vibarua waliokuwa wamejipanga kando ya ukuta hawakupiga. Mwenyekiti akajifuta jasho, maana sasa alikuwa anatoka jasho jingi kuliko maneno. Alivua koti. Akalegeza tai. Aliporudi kukaa ili msaidizi wake amtengenezee muhuri, kiti chake kiliinama kidogo kushoto. Akakinyoosha. Kikainama tena, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, maana mbao zilikuwa zinazama upande ule ambao vibarua hawakuushindilia. Pembeni ya zulia kimvuke chembamba kilichungulia, kikatazama watu, kikapaa.

"Mna majoto ya ajabu sehemu hizi," Mwenyekiti alinong'ona. "Au nina homa?"

Wakati huo Mama Reki alipanda na chupa za maji kwenye sinia. Aligawa kwa heshima, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Bi Sabuni. Akainama kana kwamba anafungua kizibo.

"Dada yangu, vaa viatu," alinong'ona. "Msimamizi anaona haya kukwambia. Amenituma mara mbili, nikashindwa kupita. Anasema nyayo zako zisije zikaungua."

"Ziungue na nini?"

Mama Reki alitazama zulia. Kisha akatazama, kwa upole mkubwa, upande mwingine.

Bi Sabuni aliteremsha macho. Alikiona kile kimvuke. Aliliona ukingoni mwa zulia lile blanketi jeusi, laini, limemomonyoka pembeni. Akaelewa yote, kuanzia nyayo kupanda juu. Moyo wake ulimwambia ruka. Mwili wake, ambao haukuwa na maumivu kwa mara ya kwanza baada ya miaka, ulimwambia subiri kidogo.

Alimtafuta mkwe wake kwa macho. Alikuwa amesimama chini, kofia imebanwa kwa mikono miwili, hamtazami Mwenyekiti anayeiua kazi yake. Alikuwa anatazama miguu ya mama mkwe wake. Kwa wasiwasi. Mji mzima umekusanyika kumnyang'anya mkate, na yeye hofu yake ni mtu fulani asiungue nyayo.

Msaidizi alikuwa ameshika muhuri. Mwenyekiti, amelalia upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya, alirudisha kipaza sauti mdomoni ili afunge hotuba kwa neno zito.

"Nauliza! Kuna binadamu mwenye akili timamu anayeweza kukaa hata dakika moja karibu na uchafu huu?"

Bi Sabuni hakuwa na haja ya kufanya lolote. Angevaa viatu vyake, anywe maji yake, muhuri upigwe, na jioni binti na mjukuu wangekuwa wake. Begi lilikuwa linasubiri chini ya kitanda. Kukaa kimya tu kungetosha, na kukaa kimya ni adabu. Nani angemlaumu?

Shwa, shwa, shwa. Alisikia ile brashi masikioni kana kwamba ni alfajiri. Hakuwahi kujiuliza maji ya bomba lile yana baridi kiasi gani saa ile. Wala hakuwahi kujiuliza yule kijana anamsugulia nani.

Alisimama bila viatu.

"Mheshimiwa, samahani. Wapo."

"Nini, mama?"

"Binadamu unaowauliza. Wapo. Ni sisi." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kilimsaidia. "Umeukalia, mheshimiwa. Tangu umefika. Mimi nilikutangulia."

Simu ya upepo ya bwana itifaki ilikoroma mara moja, ikaacha.

"Umekalia rundo lenyewe," Bi Sabuni aliendelea, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo. "Hiki si kilima. Ni tope la majitaka na maganda ya sokoni, linachemka. Ndilo linalokutoa jasho. Si homa. Na kiti chako kinazama. Ukae katikati kidogo, mheshimiwa, usije ukaanguka."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka. Cheko la kwanza lilikuwa la woga, la pili halikuwa na woga, na la tatu halikuhesabika tena. Vibarua walishikana mabega. Mjumbe aliyeshukuru na mjumbe aliyeshukuru wenzake waliinuka pamoja, wakagongana vichwa kwenye ngazi. Bwana itifaki alikitazama kiatu chake cheupe kwa mshangao wa mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Mwenyekiti alikuwa mwekundu. "Wewe mama ni nani? Ofisi gani?"

Na nafasi ikarudi, ile ile ya asubuhi, kama imesahau kofia.

"Sina ofisi. Mimi ni mama mkwe wa msimamizi wa yadi hii. Yule pale mwenye viatu vya mpira. Anavisugua kila alfajiri." Akanyoosha mkono kumwonyesha. "Ni mkwe wangu. Anatengeneza mboji. Hiyo ndiyo kazi yake."

Chini kule, mkwe aliinamisha kichwa. Mama Reki alijipangusa macho kwa kile kitambaa chake safi.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Wajinga hawafiki kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Wanaofika ni wepesi wa kugeuka. Aliona kamera za magazeti zikimwelekea. Alitazama muhuri, akautazama umati, akapiga hesabu yake haraka, akakunjua mikono.

"Ndugu wananchi!" alinguruma, bado ameinama kushoto. "Nilikuwa nangoja nione nani atagundua! Uongozi si maneno. Uongozi ni kukaa! Nimekaa mwenyewe, kwa mwili wangu, ili muone kwamba kitu hiki ni salama na hakinuki! Maduka mtajenga, lakini ardhi yenye rutuba mtaijenga wapi? Yadi hii iendelee! Na iongezwe lori!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Kesho yake picha yake ilitoka gazetini, imepinda kidogo, na chini yake maneno kwamba kiongozi shupavu ameonyesha mfano. Mwanamke aliyesimama pembeni bila viatu hakutajwa. Bwana itifaki alisifiwa kwa ubunifu, akapandishwa cheo.

"Akapandishwa!" Bi Sabuni aliliweka gazeti mezani. "Anafaa. Ana kipaji cha kuweka watu juu." Kisha, bila kugeuka, "Mwambie mume wako..." Akasita. Binti alisubiri, kijiko hewani. Mkwe alisubiri pia. "Hapana, basi," alisema Bi Sabuni, akakohoa. "Nitamwambia mwenyewe siku yake ikifika."

Siku hiyo ilifika alfajiri ya safari yake. Brashi ilianza: shwa, shwa, shwa. Bi Sabuni alijifunga khanga, akatoka uani na kipande cha sabuni yake mwenyewe, ile nzuri, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Begi lake lilikuwa mlangoni. Halikuwa na nguo za mtoto. Lilikuwa limejaa mboji nyeusi, iliyochekechwa na Mama Reki kwa mkono wake, na lilikuwa zito ajabu.

Mkwe alishtuka akasimama, kiatu kimoja mkononi. "Mama! Nimekuamsha?"

"Umeniamsha tangu siku niliyokuja. Lete hicho kimoja."

"Hapana, mama, utachafuka."

"Nilikaa juu yake kutwa nzima bila viatu, mwanangu. Kuna kuchafuka gani tena?"

Alikichukua kiatu, akavuta kigoda. Maji yalikuwa baridi kuliko alivyodhani, yaliuma mpaka kwenye mifupa ya vidole. Alisugua soli, kisha pembeni. Mkwe naye alisugua cha pili. Ndani mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa.

"Visigino vimeanza tena," alisema Bi Sabuni hatimaye. "Lile zulia lilikuwa zuri."

"Nitakutandikia lingine ukija, mama. Karibu na rundo. Si juu yake."

"Juu yake," alisema Bi Sabuni. "Ukitandika, tandika vizuri."

Mkwe alicheka, kwa mara ya kwanza mbele yake, cheko la kitoto lililomtoka bila ruhusa. Bi Sabuni alilitazama mpaka likaisha. Kisha akakigeuza kiatu, akatafuta uchafu mahali ambapo haukuwepo.

"Kofia yako ipo kwangu," alisema. "Na kiti kipo, kile cha mto wa maua. Tangu uondoke hakijakaliwa na mtu. Wakiuliza, nasema bado kinakauka." Alisugua, akasugua. "Njoo tena, baba. Uje nao wote, au uje peke yako ukitoka kazini, vyovyote ulivyo. Lakini njoo."